Kompyuta ya kugusa kwa kidole: Linda bega lako, safisha kioo chako



Ndugu msomaji, wiki hii safu yetu inazungumzia chombo ambacho kimeingia katika nyumba nyingi bila ya watu kuelezwa namna ya kukaa nacho. Nacho ni kompyuta ambayo kioo chake kinafanya kazi kwa kuguswa na kidole. Huenda ukajiuliza, kompyuta na safu ya afya wapi na wapi? Nitakueleza kisa, kisha utaona mwenyewe kuwa jambo hili linatuhusu.

Mama mmoja wa makamo alinijia zahanati akilalamikia bega la kulia. Alisema maumivu yalimwanza kidogo kidogo, mwishowe akawa hawezi kulalia upande ule, hawezi kumsuka binti yake, na hata kuteremsha sufuria kutoka kwenye rafu kukamshinda. Lakini lililomtoa machozi lilikuwa jingine. "Daktari," aliniambia, "hata takbira mkono haufiki begani. Naianza swala kwa mkono mmoja."

Nilimpima. Hakuwa ameanguka, hakuwa na homa, na sukari yake ilikuwa sawa. Nilimwomba anyanyue mkono kwa pembeni taratibu. Mwanzo ulikwenda vizuri, ulipokaribia usawa wa bega akakunja uso kwa maumivu, na alipousaidia kwa mkono wa pili ukapita juu zaidi, maumivu yakapungua. Dalili ya namna hii mara nyingi huonesha kuwa kano zinazonyanyua mkono zimechoka na kuvimba, na kila zinapopita chini ya mfupa wa bega zinabanwa.

Nikamuuliza kazi zake. Kumbe anafundisha madrasa ya watoto, na yeye ndiye mweka kumbukumbu: majina ya wanafunzi, ada, mahudhurio. Zamani alikuwa akiandika kwenye daftari, kisha kaka yake akamletea kompyuta ya kugusa. "Mama," nikamwambia, "hiyo kompyuta umeiweka wapi?" Akanijibu bila kusita: "Juu ya kabati la vyombo, watoto wasiifikie. Naigusa nikiwa nimesimama, kila jioni baada ya Magharibi mpaka Isha."

Jibu lilikuwa hapo hapo. Ila jirani yake alikwisha kumwambia kuwa kioo kile kina mionzi inayokula mifupa, naye alikuwa ameshaazimia kukirudisha chombo kwa kaka yake na kurejea kwenye daftari. Nilimwambia asubiri, kwa sababu kilichomuumiza hakikuwa kioo. Kilichomuumiza ni mahali alipokiweka.

KIOO KINAJUAJE KUWA UMEKIGUSA?

Ni vyema tuanze na hili, kwani makosa mengi ya matumizi yanatokana na kutolijua.

Kioo cha kugusa si kitu cha jana. Mwaka 1965 mhandisi wa Kiingereza, E. A. Johnson, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa rada huko Malvern, aliandika maelezo ya kioo kinachotambua kidole kwa njia ya umeme. Mwaka 1983 kampuni ya Hewlett-Packard ya Marekani ilitoa kompyuta iliyoitwa HP-150. Hiyo ilikuwa na matundu madogo madogo kuzunguka kioo, na ndani ya matundu hayo kulipita miali ya mwanga usioonekana kwa macho. Kidole kikikata miali, kompyuta inajua kimegusa wapi. Tatizo lake ni kuwa matundu ya chini yalikuwa yakijaa vumbi, ikabidi yafyonzwe mara kwa mara. Zikapita takriban miaka 30 kabla ya kompyuta za kugusa kuenea majumbani, hasa baada ya mwaka 2012 ilipotoka Windows 8 iliyotengenezwa kwa kuzingatia vidole.

Kioo cha kompyuta nyingi za sasa kimepakwa tabaka jembamba sana linalopitisha umeme kidogo mno, jembamba kiasi kwamba jicho haliwezi kuliona. Mwili wa binadamu nao unapitisha umeme, kwa sababu sehemu kubwa yake ni maji na chumvi. Kidole kinapokaribia kioo, hali ya umeme mahali pale inabadilika, na kompyuta inapima badiliko hilo. Umeme huo ni hafifu sana. Hauwezi kuingia kwenye bega wala kula mfupa. Hivyo basi, maneno ya jirani hayana msingi.

Kutokana na maelezo hayo, kuna mambo manne ya kuzingatia.

La kwanza, kioo hakihitaji nguvu. Wengi wetu tulizoea vitufe vya kubonyeza, na kioo kisipoitika tunakandamiza kidole mpaka ukucha unageuka mweupe. Kukandamiza hakuongezi chochote isipokuwa maumivu ya kifundo cha kidole na kiwiko. Gusa kama unavyogusa shavu la mtoto aliyelala.

La pili, maji huchanganya kioo, kwa sababu nayo yanapitisha umeme. Mtu aliyetoka kutawadha, mikono bado inachuruzika, akigusa kioo anaweza kukiona kinaruka huku na huku au hakiitiki kabisa. Chombo hakijaharibika. Futa mikono, futa na kioo, kisha uendelee.

La tatu, kitambaa huzuia. Dada zetu wanaovaa glavu za pamba watakuta kioo hakiwaitiki. Zipo glavu zenye nyuzi maalumu za kupitisha umeme kwenye ncha za vidole, na zipo kalamu za mpira laini zinazofanya kazi ya kidole. Ama hina iliyokwisha kukauka na kuoshwa, hiyo ni rangi tu katika ngozi na haizuii kitu.

La nne, ngozi kavu na ngumu hutambulika kwa shida. Wazee, wakulima, mafundi ujenzi na kina mama wanaofua sana hulipata tatizo hili. Kunawa na kupaka mafuta kidogo, kisha kuyafuta yasibaki kwenye kioo, husaidia. Na mwenye kisukari ambaye vidole vyake vimekufa ganzi anaweza kukandamiza kwa nguvu bila kujua. Huyo asilaumiwe kuwa hajui kompyuta. Aelekezwe atazame kioo kinavyojibu, asitegemee kuhisi kwa kidole, na ganzi hiyo aifikishe kwa mtabibu.

ISHARA ZA VIDOLE

Sasa tuje kwenye matumizi yenyewe. Kompyuta ya kugusa inaelewa ishara, na kila ishara ina maana yake. Ninazozitaja hapa ni za kompyuta zenye Windows 11, iliyotoka mwaka 2021. Zilizo nyingi utazikuta pia katika Windows 10.

Ukigusa mara moja na kuachia, ni sawa na kubofya kitufe cha kushoto cha mausi. Ukigusa na kushikilia kidogo kisha ukaachia, ni sawa na kitufe cha kulia, na orodha ya mambo unayoweza kufanya itatokea. Ni hapa ambapo wazee wenye mikono ya kutetemeka au wazito wa kuachia hupata tabu: wanataka kufungua kitu, wanajikuta wamefungua orodha. Dawa yake ni kugusa na kuinua kidole mara moja.

Ukiweka kidole na kukitelezesha juu au chini, ukurasa unapanda au unashuka. Ukiweka vidole viwili na kuvitanua, maandishi yanakuwa makubwa, ukivibana yanarudi kuwa madogo. Ishara hii ya kutanua ni faida kubwa kwa macho. Kuna watu wanaikaribia kompyuta mpaka pua inakaribia kugusa kioo, shingo imekunjwa, kumbe wangetanua vidole viwili maandishi yangewafuata walipo.

Ukiweka vidole vitatu na kuvipandisha juu, unaoneshwa kazi zote ulizozifungua. Ukivishusha chini, zote zinajificha na unarudi kwenye uso wa kwanza wa kompyuta. Ukivipeleka kushoto au kulia, unahamia kazi nyingine. Kidole kimoja kikianzia ukingo wa kulia na kuingia ndani, unaletewa taarifa na kalenda. Kompyuta isipoitika kwa vidole vitatu, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya mguso, uangalie kama ishara hizo zimewashwa.

Lakini jambo kubwa katika makala hii, ambalo mama yule hakuwahi kuambiwa, ni hili: karibu ishara zote hizo unaweza kuzifanya bila kugusa kioo. Kompyuta mpakato ina kibao laini cha kugusia, kilicho chini ya kibodi. Katika kompyuta nyingi za sasa kibao hicho kinaelewa lugha ile ile ya vidole. Vidole viwili vikitelezeshwa, ukurasa unapanda na kushuka. Viwili vikitanuliwa, maandishi yanakua. Vitatu vikipanda, kazi zote zinaonekana. Viwili vikigusa pamoja mara moja, ni kama kitufe cha kulia cha mausi. Kazi ni ile ile, ila mkono umelala chini karibu na mwili, bega limepumzika. Kioo kikabaki kwa yale machache ambayo kidole ni chepesi zaidi: kuchagua picha, kuvuta ramani, kumwonesha mtoto herufi, kutia saini.

BEGA LINABEBA NINI?

Ndugu msomaji, mkono wako mmoja, kuanzia begani hadi vidoleni, una uzito wa takriban sehemu moja ya 20 ya mwili wako. Mtu wa kilo 60 ana mkono wa kilo 3 hivi. Unapoutandaza mbele kwenda kugusa kioo kilichosimama, mzigo huo wote unaning'inia kwenye misuli ya bega na shingo. Chukua mfuko wa kilo 3 za sukari, unyooshe mkono nao mbele bila kuushusha. Dakika ya kwanza utaona mzaha. Hutafika mbali kabla mkono haujaanza kutetemeka.

Sababu ni kuwa msuli unaojikaza bila kulegea hujibana mishipa yake yenyewe ya damu. Damu inapungua, uchafu wa kazi ya msuli unabaki pale pale, na maumivu yanaanza. Kutembea au kufagia hakuchoshi namna hiyo, kwa vile msuli unakaza na kulegea, unakaza na kulegea, na damu inapita. Kushikilia mkono hewani ni kukaza bila kulegea. Aidha, kila mkono unapokuwa juu ya usawa wa bega, kano zake zinapita mahali pembamba chini ya mfupa. Zikipita hapo mara mia kwa jioni moja, na kesho vile vile, zitavimba.

Jambo hili liligunduliwa mapema tangu zama za vioo vile vya miaka ya 1980. Watu wa kompyuta wakayapa maumivu hayo jina la utani, "mkono wa sokwe", kwa jinsi mtu anavyoshuka kwenye kompyuta mkono umemvimba na kumwelemea. Hii ni moja ya sababu za kompyuta za mezani kuendelea kutumia mausi kwa miaka mingi, ingawa ufundi wa kugusa ulikuwepo. Simu haikuleta tatizo hili la bega kwa kuwa inashikwa mkononi, chini ya kifua, ingawa yenyewe ina lawama zake za shingo na kidole gumba.

PANGA MAHALI PAKO

Kinga ya maumivu haya haina gharama kubwa. Inataka mpango tu.

Kwanza, weka kompyuta juu ya meza ambayo, ukikaa, viwiko vyako vinakuwa karibu na mbavu na mikono ya mbele inalala usawa wa meza. Kiti kikiwa kifupi, ongeza mto uliokunjwa. Miguu ikining'inia, weka kigoda au tofali chini yake. Kioo kikae umbali wa mkono mmoja au pungufu kidogo, macho yakitazama sehemu yake ya juu bila kuinua kidevu.

Pili, kama kazi yako ni ya kuandika sana, usiandike kwa kugonga herufi juu ya kioo. Tumia kibodi. Kama kompyuta yako ni ya mezani au ni ile isiyo na kibodi yake, nunua kibodi na mausi ya kuchomeka. Hivyo vitakuwezesha kukiinua kioo kwa vitabu viwili vitatu kwa ajili ya shingo, huku mikono ikibaki chini.

Tatu, kama kompyuta yako ni ile ya kukunjika, basi unapotaka kutumia kidole kwa muda mrefu, kigeuze kioo ukilaze mezani kwa mteremko kama marufaa. Mkono wa mbele ukiegemea meza, bega halibebi kitu.

Nne, wanaokaa kwenye jamvi wasiiweke kompyuta sakafuni wakaiinamia, wala mapajani kwa muda mrefu. Meza fupi ya kahawa inatosha. Nyumba nyingi zinayo, ila imejaa vikombe.

Tano, pumzika kabla hujachoka. Kila nusu saa simama, shusha mikono, zungusha mabega nyuma mara kadhaa. Usingoje adhana ndiyo uinuke. Na kwa ajili ya macho, kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa muda wa sekunde 20, na upepese kope. Mtu anapokodolea kioo hupepesa kidogo, macho yanakauka na kuwasha.

Ama kuhusu watoto, ambao ndio walimfanya mama yule apandishe kompyuta juu ya kabati, sahihi ni kinyume chake: fanya kazi mezani, na ukimaliza ifungie kabatini. Kabati ni mahali pa kuhifadhia. Si mahali pa kufanyia kazi.

USAFI WA KIOO NA WA MKONO

Kioo cha kugusa kina tofauti kubwa na runinga. Runinga inatazamwa, lakini hiki kinaguswa na kila mtu: baba katoka sokoni, mtoto katoka chooni, mgeni kakohoa kwenye kiganja. Kisha wote wanapeleka vidole vile vile machoni na mdomoni.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea Tanzania na Kenya, Dar es Salaam na Mombasa zikiwemo. Ugonjwa ule hubebwa na mikono na vitu vinavyoshikwa kwa zamu, na virusi vyake huweza kuishi siku kadhaa juu ya kitu kikavu. Vipo pia vijidudu vya kuharisha na vya majipu vinavyoweza kubaki juu ya vitu vikavu na kungoja kidole kinachofuata. Kwa hiyo nyumba ikiwa na mgonjwa wa macho au wa kuharisha, asishike kompyuta ya wote mpaka apone, au kisafishwe kila anapomaliza.

Hata hivyo, usafi unaanza na mkono kabla ya kioo. Mwalimu wetu wa fiqhi alikuwa akitusimamia birikani mmoja mmoja, ahakikishe tumepitisha vidole katikati ya vidole. Mafunzo hayo ni hazina, kwani ndipo mahali ambapo wasiozoea huwa hawapaoshi. Lakini tusichanganye mambo. Udhu ni twahara ya ibada, na maji yake peke yake hayaondoi vijidudu kama yanavyofanya maji na sabuni. Kwa hiyo baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kula na kabla ya kupika, sabuni isikosekane, hata kama mtu ana udhu wake. Na ni adabu njema nyumbani kuwa anayetaka kompyuta anawe na kukausha mikono kwanza. Wala isitumike mezani wakati wa kula, kidole kikitoka kwenye sahani kwenda kwenye kioo na kurudi kwenye sahani.

Namna ya kusafisha kioo ni hii. Zima kompyuta na uchomoe waya wa umeme. Chukua kitambaa laini kisichotoa nyuzi, kama kile cha kufutia miwani. Kilowanishe kidogo, kisichuruzike. Unaweza kukilowanisha kwa spiriti ya asilimia 70, au kwa maji yenye sabuni laini kidogo ya kunawia, ukamalizia kwa kitambaa chenye maji matupu. Anayeona uzito kutumia spiriti basi maji na sabuni yanamtosha kwa matumizi ya kila siku. Futa kutoka juu kwenda chini, usisugue, kisha acha ukauke ndipo uwashe.

Usinyunyize maji wala spiriti moja kwa moja kwenye kioo, kwani itapenya kwenye kingo na kuua chombo. Usitumie jiki, mafuta ya taa, sabuni ya unga, wala dawa za kusafishia vioo vya madirisha zenye amonia. Usitumie karatasi ngumu wala ncha ya kanga yenye vumbi. Juu ya kioo kuna utando wa kuzuia mafuta ya vidole. Ukiuchubua, kidole kitaanza kukwama na alama zitaganda. Na ukumbuke kuwa spiriti ni dhaifu kwa baadhi ya virusi vya kuharisha. Hivyo usije ukasema, "Kioo nimekipaka spiriti, mikono si lazima." Sabuni ya mikono ndiyo ngome ya kwanza.

USIKAE NA MAUMIVU

Maumivu ya bega ya uchovu kwa kawaida hutulia ukipunguza kuinua mkono juu, ukakanda kwa kitambaa cha uvuguvugu, na ukaendelea kuutikisa mkono taratibu: inama kidogo ukishika meza kwa mkono mzima, mwingine uuachie uning'inie, uuzungushe duara ndogo kama ndoo kisimani. Usiufunge mkono ukakaa bila kujongea kwa wiki nyingi, maana bega linaweza kuganda. Kuganda huko huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, kina mama zaidi, na wenye kisukari zaidi ya wote. Paracetamol yaweza kusaidia kwa kipimo chake. Diclofenac na ibuprofen msizinunue kiholela, hasa mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye shinikizo la damu au tatizo la figo.

Nenda kituo cha afya ikiwa maumivu yamepita wiki 2 au 3 bila nafuu, ikiwa bega limevimba na lina joto pamoja na homa, ikiwa mkono umekosa nguvu ghafla, au ikiwa vidole vinakufa ganzi usiku.

Na hili nalisema kwa msisitizo. Maumivu au uzito kifuani unaokwenda kwenye bega, mkono wa kushoto au taya, pamoja na jasho la baridi, kichefuchefu au pumzi kukatika, hayo si ya kompyuta. Huenda ni moyo. Vile vile mkono uliolegea ghafla pamoja na mdomo kwenda upande au ulimi kuwa mzito, huenda ni kiharusi. Katika hali hizo mbili usikande, usimeze dawa ya maumivu ukalala, usingoje asubuhi. Kimbilia hospitali saa hiyo hiyo.

HITIMISHO

Mama yule hakukirudisha chombo. Alikishusha mezani, mwanawe mkubwa akamfundisha kutumia vidole viwili na vitatu kwenye kibao cha chini, na majina ya wanafunzi akawa anayaandika kwa kibodi. Kioo anakigusa pale anapowaonesha watoto herufi, basi. Nilimpa dawa kwa siku chache na mazoezi yale ya ndoo. Wiki ya 6 alirudi, si kwa kulalamika. Alisimama mbele yangu, akanyanyua mikono yote miwili mpaka usawa wa mabega, akacheka, akaishusha.

Ndugu msomaji, mwili ni amana na chombo ni cha kutusaidia. Kabla ya kulala leo, nenda ukaitazame kompyuta ya nyumbani kwako. Kama anayeitumia analazimika kunyanyua kiwiko, ishushe. Kama kioo kina alama za vidole vya nyumba nzima, kifute. Kazi hiyo haifiki dakika 10.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.